MTI UNAOTEMBEA: VIPI TUTAJUA MATHENGE UNAKOELEKEA?

 



Katika darsa zetu mara nyingi tunazungumzia amana. Amana si fedha ya jirani uliyowekewa tu. Ardhi tunayolisha mifugo yetu ni amana, maji ya kisima ni amana, na malisho watakayoyahitaji wadogo zetu baada yetu ni amana vile vile. Makala haya yanahusu mti mmoja unaoila amana hiyo polepole katika nchi kavu, na elimu inayotuwezesha kujua mapema utafika wapi. Kuna wanafunzi wetu ambao jamaa zao ni wafugaji wa Tana River na Garissa, na kwao habari hii si ya kitabuni. Wengine wanaishi mjini na huenda wamepita chini ya kivuli cha mti huu bila kuujua.

MTI WENYEWE NI UPI?

Kenya wengi huuita mathenge. Waturkana huuita etirae. Tanzania, katika mkoa wa Kilimanjaro ambako umeanza kuvamia malisho na mashamba, watu huuita mrashia. Ndugu zetu wa Oman huuita ghaf bahri, na wa Imarati huuita ghuwaif, ili wautofautishe na ghaf yao ya asili ambayo ni mti wa heshima kwao. Kwa wataalamu jina lake lililozoeleka ni Prosopis juliflora, ingawa tangu mwaka 2022 wataalamu wa kupanga majina ya mimea wameuhamishia katika kundi la Neltuma.

Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika na visiwa vya Karibi. Haukuja kwetu wenyewe, uliletwa, na walioleta walikuwa na nia njema. Mwaka 1973 ulipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, ili kuotesha kijani katika machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi. Katika miaka ya 1980 ulipandwa Baringo, na pia Bura na Hola katika Tana River. Wakati ule watu walihangaishwa na ukame, upepo wa vumbi na uhaba wa kuni. Ulihitajika mti unaovumilia jua, unaokua haraka na usiomalizwa na mbuzi. Mathenge una sifa zote hizo.

Na hapo ndipo penye somo. Sifa zilizoufanya utakiwe ndizo zilizoufanya usizuilike. Unavumilia jua, basi huota pale ambapo nyasi zimeshindwa. Unakua haraka, basi huwahi nafasi kabla ya miti mingine. Mbuzi hawapendi majani yake, basi miche yake haiguswi. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji. Mwaka 1960, katika mgodi mmoja karibu na Tucson, Arizona, Marekani, ilikutwa mizizi ya mti wa jamii hii kwenye kina cha zaidi ya mita 50. Minazi yetu mirefu, hata ukipandanisha miwili, haifiki mbali zaidi ya hapo.

UNA MADHARA GANI?

Tuwe waadilifu kwanza. Mathenge una faida zake. Hutoa kuni na makaa mazuri, nguzo na fito za ua, maua ya kulisha nyuki na kivuli katika jua kali. Familia nyingi za Baringo zimepata riziki kwa makaa yake. Anayesema mti huu hauna kheri yoyote hasemi kweli.

Lakini madhara yake ni mazito. Ukishashika mahali hufunga kabisa, miiba kwa miiba, nyasi zikafa chini yake. Huziba njia za kwenda kisimani, mifereji ya umwagiliaji na kingo za mito. Miiba yake hupasua matairi na kuwatia vidonda watu na wanyama. Maganda yake yana sukari nyingi, na mbuzi anayeyategemea kwa muda mrefu huharibika meno na taya. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus wa Baringo waliipeleka serikali Mahakama Kuu kwa sababu ya mti huu, na katika kesi hiyo alionyeshwa mbuzi aliyeng'oka meno. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ikautangaza mathenge kuwa magugu yenye madhara chini ya sheria.

Iko hata athari ya afya. Mwaka 2017 ulitolewa utafiti uliofanywa katika vijiji vya nchi ya Mali. Pale ambapo matawi yenye maua ya mti huu yaliondolewa, mbu wanaoeneza malaria walipungua sana, hasa majike wazee ambao ndio wenye hatari zaidi. Mbu hunyonya utamu wa maua yake, na chakula hicho huwarefushia maisha.

JEE, KUTABIRI UENEAJI WAKE NI KUDAI GHAIBU?

Swali hili mwanafunzi makini ataliuliza, na ni haki yake. Tumefundishwa kwamba ghaibu anaijua Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba haifai kuwaendea makahini na wapiga ramli. Sasa mtaalamu anaposema kuwa mti huu utafika bonde fulani, hajaingia huko?

Jawabu ni kwamba yako mambo mawili yasiyofanana. Kahini hudai habari isiyo na sababu inayoonekana. Mtaalamu huangalia sababu alizoziumba Mwenyezi Mungu na mwenendo aliouweka katika viumbe vyake, kisha akasema: sababu zikiwa hivi, kawaida hutokea hivi. Manahodha wetu wa zamani walijua miezi ya kaskazi na miezi ya kusi, na kwa elimu hiyo walipanga safari za kwenda Arabuni na kurudi. Wavuvi wetu hadi leo huhesabu mwezi wakajua bamvua ni lini na maji mafu ni lini. Hakuna aliyewaambia kuwa wamedai ghaibu. Walisoma mwenendo wa bahari, kisha wakasema inshallah.

Tena mtaalamu mkweli hasemi "lazima". Husema "kuna uwezekano mkubwa" au "kuna uwezekano mdogo", na yuko tayari kusahihishwa. Tunakikumbuka pia kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Hiyo ilikuwa elimu aliyofunuliwa na Mola wake, si hesabu za watu, lakini mafunzo yake yanatufaa: habari za miaka ya shida hazikuwafanya watu wakae wakilia. Ziliwafanya waweke akiba miaka ya neema. Faida ya kujua mapema ni kutenda mapema.

NI NANI ANAYEUBEBA?

Tumeuita mti unaotembea, nao hauna miguu. Ukitaka kujua unakokwenda, uliza nani anaubeba. Wachukuzi wake ni wanne.

(a) Mifugo na wanyama wa mwitu. Maganda yake ni matamu. Mbuzi, ng'ombe, ngamia na ngiri huyala, na mbegu ngumu hupita tumboni zikatoka nzima. Zaidi ya hayo, safari ya tumboni hulainisha gamba la mbegu ikaota kwa urahisi, na hudondoka pamoja na samadi yake. Basi ukitaka kujua miche mipya itaota wapi, fuata njia za mifugo, angalia mazizi ya zamani na mahali pa kunyweshea.

(b) Maji. Maganda huelea. Mafuriko huyachukua kutoka bonde la juu na kuyatandaza chini. Ndiyo maana mathenge hupenda kufuata mito, mabonde ya mito ya msimu na kingo za maziwa.

(c) Barabara na magari. Magari yanayobeba mifugo, makaa au mchanga hubeba na mbegu. Kando ya barabara maji ya mvua hutuama na udongo umevurugwa, na hapo mche hupata pa kuanzia.

(d) Binadamu. Huyu ndiye anayeruka mbali kuliko wote. Maji hayapandi mlima wala mbuzi havuki bahari, lakini mtu huchukua mbegu akaivusha bara zima kwa sababu ameambiwa ni mti mzuri wa kivuli.

Ongeza jambo moja ambalo ni maalumu kwa nchi kavu: mvua. Katika nchi yenye mvua ya kawaida mimea huenea kidogo kidogo kila mwaka. Katika nchi kavu sivyo. Mbegu hulala udongoni mwaka, miwili au zaidi, hakuna kinachoonekana, na watu husema mti umekoma. Kisha huja mwaka wa mvua kubwa. Maji husambaza maganda, udongo hulowa hadi chini, na miche huota kwa pamoja. Huko Baringo mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zinatajwa kuwa miongoni mwa zilizousukuma mti huu kwa kasi. Kwa hiyo mathenge hauendi mwendo wa saa, huenda mwendo wa kuruka: hukaa, hukaa, kisha hutoka ghafla.

WATAALAMU HUCHORAJE RAMANI YA KESHO?

Kazi yenyewe inaeleweka hata na mwanafunzi wa darasa la sita. Ina hatua tano.

1. Kukusanya mahali. Watafiti huenda uwandani na kuandika kila sehemu waliyoukuta mti, na kila sehemu waliyoukosa. Huko walikoukosa nako kuna faida, kwa sababu kunafundisha mti haupendi nini.

2. Kukusanya hali za mahali. Kwa kila sehemu huandikwa mvua yake, joto lake, urefu wake kutoka usawa wa bahari, aina ya udongo, umbali wake na mto, barabara na kijiji.

3. Kutafuta uhusiano. Kompyuta hulinganisha orodha hizo mbili. Huona, kwa mfano, kuwa mti hupatikana zaidi karibu na mito katika nchi ya chini yenye joto, na hupungua kadiri unavyopanda nyanda za baridi, maana baridi kali huudhuru.

4. Kujijaribu. Hapa ndipo penye uaminifu wa elimu. Baadhi ya sehemu zilizoandikwa hufichwa mwanzoni. Kompyuta ikishajifunza huulizwa: sehemu hizi mti upo au haupo? Ikijibu vibaya mara nyingi, ramani haifai kuaminiwa.

5. Kuchora. Kila kipande cha nchi hupewa kiwango cha uwezekano, kutoka sifuri hadi asilimia 100.

Msaada mwingine ni picha za setilaiti. Mathenge hubaki kijani wakati wa kiangazi, miti mingi ya jirani ikiwa imepukutisha majani. Picha iliyopigwa wakati wa ukame huonyesha madoa ya kijani. Ukiwa na picha za miaka mingi unaweza kuyapanga madoa hayo kama kurasa za kitabu ukaona yalivyokua.

Mwaka 2009 watafiti walichapisha hesabu za hali ya hewa kuhusu Kenya, wakaona kuwa karibu nusu ya nchi ina uwezekano wa asilimia 30 au zaidi wa kuvamiwa. Tuelewane vizuri hapa, maana wengi huteleza. Maneno hayo hayana maana kuwa asilimia 30 ya Kenya itafunikwa na mathenge. Maana yake ni kwamba katika eneo kubwa hivyo hali za mahali zinaukaribisha mti huu kwa kiasi cha kutosha kutuhofisha. Mlango uko wazi. Kama mgeni ataingia, na lini, hutegemea wale wachukuzi wanne na hutegemea sisi wenye nyumba.

Na huo ndio upungufu wa ramani. Ramani ya hali ya hewa hujibu "wapi unaweza kuishi". Haijibu "lini utafika". Pia inaposomwa mapema mno hupunguza hatari, kwa sababu mti bado haujafika kila mahali unapoweza kuishi. Pale ulipokosekana huenda si kwamba haupapendi, bali hajatokea wa kuupeleka. Kwa hiyo ramani haitoshi bila macho ya wenyeji. Mchungaji anayeijua njia ya mbuzi wake ana elimu ambayo setilaiti haina.

HESABU YA BARINGO

Hebu sasa tuchukue kalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima kwa picha za setilaiti eneo lililofunikwa na mathenge huko Baringo. Mwaka 1988 lilikuwa hekta 882. Mwaka 2016 lilikuwa hekta 18,792. Kati yake ni miaka 28.

Ukitoa, utapata ongezeko la hekta 17,910. Gawanya kwa 28, utapata karibu hekta 640 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya hekta moja na nusu kila siku, Ijumaa na Idd zikiwemo. Ni kama viwanja viwili vya mpira kuingia msituni kila kunapokucha.

Lakini wastani unaficha jambo. Jaribu njia nyingine, ya kuzidisha mara mbili. Anza na 882. Mara mbili yake ni 1,764. Kisha 3,528. Kisha 7,056. Kisha 14,112. Kisha 28,224. Hesabu ya Baringo ya 2016 iko kati ya hatua ya nne na ya tano. Ukigawa miaka 28 kwa hatua hizo utaona kuwa eneo lilikuwa likijizidisha mara mbili takriban kila miaka sita na miezi michache. Bila shaka mambo hayakwenda sawasawa hivyo, kwa sababu tumeshasema mti huu huruka na mvua. Lakini hesabu inatufundisha tabia ya jambo.

Tazama hatua ya kwanza: kutoka 882 kwenda 1,764. Nyongeza haifiki hekta 900. Nani angepiga kelele? Watu wangesema mti umeongezeka kidogo, na kivuli kimepatikana. Tazama hatua ya nne: kutoka 7,056 kwenda 14,112. Nyongeza ni zaidi ya hekta 7,000. Mti ni ule ule, tabia ni ile ile, na muda ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mtu anaona, na sasa hauondoki kwa jembe la mtu mmoja.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Wakati ambapo madhara ni rahisi kuondolewa ndio wakati ambapo hayaonekani kuwa madhara. Macho peke yake huchelewa. Utabiri ni jicho la pili, linalotuonyesha miche kumi ya leo kwa sura ya pori la kesho.

Baringo si peke yake. Huko Ethiopia, katika jimbo la Afar, ambalo wenyeji wake ni wafugaji Waislamu kama jamaa zetu wengi, mti huu ulipandwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Utafiti wa mwaka 2019 ulikadiria kuwa katika muda wa miaka 35 hivi ulikuwa umevamia karibu hekta milioni 1.17. Sudan nayo iliupokea mwaka 1917. Ulikaa kwa miongo mingi watu wakiuona mti wa manufaa, na kufikia mwaka 1995 serikali ya huko ilikuwa imeamua ung'olewe. Kati ya kupanda na kuamua kung'oa ni miaka 78. Mtoto aliyeona ukipandwa alikuwa babu, au ameshatangulia mbele ya haki.

TUFANYE NINI SISI?

Wanafunzi wa fiqhi wanaijua kanuni ya kuondoa madhara. Na wanavyuoni wametueleza kuwa kuyazuia madhara kabla hayajatokea ni kwepesi na ni bora kuliko kuyaondoa yakishatokea. Katika jambo hili kanuni hiyo inatendeka kwa mikono.

Kwanza, jifunze kuujua. Maua yake yamesimama kama kidole kidogo chenye rangi ya manjano na kijani. Maganda yake yakiiva ni ya manjano, marefu, mara nyingi yamepinda kidogo, na ni matamu. Usichanganye na migunga yetu ya asili, kwani kung'oa mti wa asili kwa kudhani ni adui ni madhara mengine. Ukiwa na shaka mwulize mzee anayeijua miti au ofisa wa misitu.

Pili, mng'oe ukiwa mche. Wiki chache baada ya mvua kubwa tembea kando ya bonde la mto, mazizi, kisima na barabara. Udongo ukiwa bado laini, mche hutoka na mzizi wake. Vaa viatu vigumu, na watoto wasifanye kazi hii bila mtu mzima. Mtu mmoja kwa asubuhi moja anaweza kung'oa miche ambayo baada ya miaka kumi ingehitaji trekta.

Tatu, usikate ukaacha kisiki. Mathenge uliokatwa juu ya ardhi huchipua matawi mengi kuliko ya kwanza. Mti mkubwa hukatwa chini ya uso wa udongo, na mahali pake hupandwa nyasi upesi. Ardhi iliyoachwa tupu itavamiwa tena, maana mbegu za zamani bado zimo.

Nne, zuia mbegu isisafiri. Mifugo iliyokula maganda isihamishwe siku hiyo hiyo kupelekwa malisho safi. Ibakie zizini siku kadhaa ili mbegu zitoke hapo, kisha miche itakayoota izizini ing'olewe. Anayetaka kulisha maganda ayasage kwanza: unga wake ni chakula kizuri, na mbegu iliyosagwa haioti.

Tano, usipande usichokijua. Ukiletewa mche wa mti mgeni unaosifiwa kukua haraka na kutoliwa na mbuzi, kumbuka kuwa hizo ndizo sifa za mathenge. Uliza kwanza ofisi ya kilimo au ya misitu.

Sita, toa habari. Ukiuona mahali ambapo haukuwepo, wajulishe wazee, chifu au ofisa wa kilimo wa kaunti. Kenya tunayo Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ambayo imeushughulikia mti huu kwa miaka mingi. Habari ya mche mmoja katika bonde jipya ina thamani kuliko habari ya pori zima ambalo kila mtu analijua.

Mtu anaweza kusema: yote yamo katika kadari ya Mwenyezi Mungu, mti ukiandikiwa kufika utafika. Ni kweli kwamba yote ni kwa kadari yake. Lakini Bedui yule aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga, akidai kuwa ametawakali, alielekezwa na Mtume wetu (s.a.w.) amfunge kwanza kisha atawakali. Kung'oa mche ni kumfunga ngamia. Kinachobaki baada ya hapo tunamwachia Mola wetu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja wachukuzi wanne wa mbegu za mathenge. Ni yupi anayeupeleka mbali zaidi, na kwa nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya kutabiri kwa kuangalia sababu na kudai ghaibu? Toa mfano mmoja wa baharini.
3. Kama kijiji kina hekta 5 za mathenge, na eneo hilo hujizidisha mara mbili kila miaka 6, zitakuwa hekta ngapi baada ya miaka 24?
4. Kwa nini watafiti huficha baadhi ya sehemu walizozipima wanapoijaribu ramani yao?
5. Fanya na mzazi wako: chora ramani ya njia ya mifugo au ya maji karibu na kwenu, kisha tia alama pale ambapo miche ya mathenge ingeanza kuota.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atujaalie elimu yenye manufaa, atubarikie mifugo na malisho yetu, na atufanye warithi wema wa ardhi aliyotuamini nayo. Aamin.

Wabillahi tawfiq.